Mtoto kaanza darasa la dansi, avae nini? Mwongozo kamili kwa mzazi

Kila shule zikifungwa meseji zinaanza kuingia, mtoto kaandikishwa dansi, Jumamosi anaanza, tumvalishe nini? Mimi nashona nguo za watoto wa dansi na wa mazoezi ya viungo hapa Dar na wanangu wenyewe wamepitia huko, kwahiyo naulizwa sana. Wengi wanakuja wakiwa wameshanunua tayari, gauni la neti lililofura la birthday, viatu vya satini vyenye utepe mrefu wa kuzungusha mguuni, alafu mtoto anafika darasani anaambiwa avue. Inaniuma kwa sababu hela ilikuwepo, ila imeenda pasipostahili, na mtoto ndo anabaki amesimama pembeni anaona aibu. Kwahiyo naandika yote hapa kwa mpangilio, soma hata kama unaharaka, ukikwama mahali rudi juu.

Hatua ya 1: usinunue kitu, uliza kwanza

Mtumie mwalimu meseji. Darasa la mwanangu ni dansi gani hasa, sakafu yenu ni ya nini, kuna rangi mnazotaka, na siku ya kwanza aje amevaaje. Hilo la mwisho wazazi wanaona aibu kuuliza wakati ndo linaokoa hela kuliko mengine yote, manake walimu wengi hawana neno mtoto akija wiki mbili tatu za mwanzo na leginsi na tisheti ya kumkaa mwilini, miguu peku. Mtoto wa miaka minne anaweza akalia kipindi cha kwanza, cha pili akakataa kushuka kwenye gari, cha tatu ndo akapenda, sasa wewe umeshanunua seti nzima kabla hujajua atapenda au hatapenda, ya nini?

Uliza pia habari ya sare na mitihani. Kuna shule za baleti zinazofuata mtaala wa Royal Academy of Dance ya London, hicho ni chama kilichoanza mwaka 1920 na mitihani yake inafanywa nchi nyingi, na huko kila daraja lina vazi linalopendekezwa. Ukinunua leotadi (ile nguo ya kubana iliyo kama vazi la kuogelea) ya pinki yenye mikono mirefu kwa sababu umeipenda, mwisho wa mwaka unaambiwa daraja lake wanavaa rangi nyingine isiyo na mikono, unanunua tena.

Na sakafu, jamani, sakafu. Madarasa yetu mengi yako kwenye kumbi za kukodi, kumbi za makanisa, madarasa ya shule, sebule za watu, na humo ni tailizi au saruji. Tailizi na soksi haviendi pamoja kabisa, mtoto anazunguka mara moja tu anadondokea kisogo. Saruji nayo inakula soli za viatu vya kitambaa na inapiga miguu wakati wa kuruka. Ukijua sakafu unajua nusu ya unachotakiwa kununua.

Watu wengi wananiuliza kwa nini lazima nguo ibane, si aachiwe tu mtoto awe huru. Mwalimu anatakiwa aone goti. Kuna watoto wanageuza vidole vya mguu nje vizuri kabisa ila goti linabaki linaangalia ndani, ukimwangalia juu juu anapendeza, lakini hapo goti linasokotwa kila siku ya mazoezi na baada ya miaka anaanza kulalamika linauma. Chini ya suruali pana huwezi kuliona hilo. Hata mabega yaliyopanda na mgongo uliobinuka havionekani chini ya tisheti ya baba. Kwahiyo kubana hakuna uhusiano na urembo, na kama kwenu mna mambo ya stara nitafika huko, kuna njia nzuri tu.

Hatua ya 2: jua dansi yake inataka nini

Baleti ndo yenye masharti mengi. Kwa msichana ni leotadi, stokingi za baleti au soksi, na viatu laini. Kijisketi chepesi cha shifoni walimu wengine wanaruhusu wengine hawataki kwa sababu kinaficha nyonga. Kwa mvulana ni tisheti nyeupe iliyochomekwa, bukta nyeusi ya kubana au leginsi nyeusi, soksi nyeupe na viatu vyeupe au vyeusi. Nawaomba wazazi wa wavulana wasimpeleke mtoto na bukta ya mpira wa miguu na raba eti kwa vile yeye ni mwanaume itatosha. Akiwa peke yake darasani na amevaa tofauti na wote, atajiona mgeni mpaka aache. Mvalisheni vizuri kama wenzake.

Hip hop ni rahisi, tisheti na suruali ya trakisuti au bukta, ila suruali isiburuze chini, iwe na lastiki kwenye kifundo au uikunje ushone. Raba ziwe za soli bapa. Hizi raba za kukimbilia zenye soli nene iliyochongwa zinang'ang'ania sakafu, mtoto anageuka mwili wakati mguu umebaki, goti linasokoteka. Na ziwe raba za darasani tu, zisikanyage nje, mchanga ukiingia ndani ya ukumbi unakuwa hatari kwa wenzake wanaocheza peku.

Jazi na dansi za kisasa, leginsi nyeusi na singlendi ya kubana, kisasa mara nyingi peku. Tapu, ile dansi ya kugonga miguu ilie, ina viatu vyake vyenye vyuma chini, hivyo nunua tu baada ya mwalimu kusema na kila wiki kagua skrubu kwa kucha, ikilegea inakwaruza sakafu na inaweza kumkata mtoto.

Ngoma za asili hapa watu wanadhani hazina mavazi ya kufikiria, funga kanga basi. Hapana. Sindimba ya Wamakonde kazi yake iko nyongani, kwahiyo kanga inafungwa nyongani, chini ya kiuno, juu ya bukta nyeusi ya kubana. Ukimfungia mtoto juu kiunoni anabanwa tumbo na nyonga haionekani inavyokwenda. Kunja kanga mara mbili kwa upana ili ifike juu ya goti, izungushe, fundo likae pembeni, usiliweke nyuma, akianguka akalalia fundo linamuumiza mgongo. Kisha chukua pini ya kufungia nguo... hapana, usichukue pini, chukua sindano na uzi umpigie mishono mitatu minne pale kwenye fundo, ngoma ikiisha unakata. Pini ikifunguka mtoto yuko katikati ya ngoma hawezi kusimama.

Kwa njuga na vitu vyote vya kulia vinavyofungwa miguuni, kama wanavyofunga kwenye ngoma ya msewe kule Pemba, weka kwanza kipande cha soksi laini au kitambaa cha pamba kifundoni alafu juu yake ndo ufunge, ngozi ya mtoto inachubuka haraka. Usikaze sana, kidole chako kimoja kipite chini ya kamba. Bugobogobo ya Wasukuma wanacheza na majembe, kwa watoto muulize mwalimu kama wana majembe mepesi ya mbao, na kama ni ya chuma mimi mwanangu asingeshika. Uwanja ufagiliwe kabla, vioo, misumari, vizibo vya soda, kwa sababu wako peku.

Hatua ya 3: viatu vya baleti, hapa ndo uweke hela

Kama bajeti ni ndogo, bana kwenye nguo, usibane kwenye viatu.

Anza kupima mguu nyumbani. Fanya jioni, miguu imeshatembea imevimba kidogo. Weka karatasi chini ukutani, mtoto asimame kisigino kimegusa ukuta na uzito wote mguuni, piga mstari kwenye kidole kirefu zaidi (kwa wengine ni cha pili, sio gumba), pima sentimita. Fanya miguu yote miwili, chukua uliozidi. Namba za viatu vya baleti haziendani na za raba zake, kila kampuni ina namba zake, kwahiyo ukimwambia muuzaji "anavaa 30" hujamwambia kitu, mtajie sentimita na uombe jedwali la hiyo kampuni.

Sasa lile neno letu sote, atakua nacho. Kwenye sweta ya shule sawa. Kwenye kiatu cha baleti usithubutu. Kikiwa kikubwa kitambaa kinakusanyika mbele ya vidole, mtoto akinyanyua kisigino anakanyaga hilo kunjo anateleza, na pia anazoea kukunja vidole ili kiatu kisitoke, hiyo tabia kuja kuitoa ni kazi. Kikiwa kidogo nacho vidole vinajikunja. Kinachotakiwa ni kama soksi iliyokaa vizuri. Namna ya kujaribu ni hii, mtoto asimame miguu bapa, vidole vyote vimelala vimenyooka na vinagusa mwisho bila kusukumwa. Muulize kidole kwa kidole, usimuulize "kinakubana?" kwa sababu mtoto anayetaka viatu atasema hapana. Alafu anyanyue visigino asimame kwa vidole, wewe jaribu kuchuna kitambaa cha kisigino, kikinyanyuka kama utando wa maziwa ni sawa, ukikishika kikajaa vidoleni ni kikubwa.

Ngozi au kitambaa? Ngozi inadumu na kwa mtoto mdogo inamsaidia kuhisi sakafu, ila kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa mguu unachemka na huwezi kuifua. Kitambaa kinafulika, ni chepesi, kinakaa vizuri na jasho, ila kwenye saruji kinaisha haraka. Mimi kwa pwani nashauri kitambaa, kwa Arusha, Mbeya au Nairobi kwenye baridi ngozi ni nzuri. Satini iacheni, inateleza, inachafuka siku ya kwanza, ni ya jukwaani. Soli nayo kuna nzima na ya vipande viwili, watoto wanaoanza wanapewa nzima kwa sababu mguu unafanya kazi kuikunja na unapata nguvu, ya vipande viwili inasubiri.

Na vile viatu vigumu vya kusimamia ncha za vidole, ambavyo kila binti anavitaka kwa sababu ndo kaviona kwenye simu. Usinunue mtandaoni kama zawadi. Walimu wengi wanasubiri mpaka mtoto afike kama miaka 11 au 12 na awe ameshafanya baleti miaka kadhaa mfululizo, kwa sababu mifupa ya mguu bado inakomaa na kifundo hakina nguvu. Hata akifika umri huo, vinavaliwa mara ya kwanza mwalimu akiwepo. Mtoto wa miaka nane anajaribu peke yake chumbani kwa kushikilia kitanda, hiyo ni hatari kweli, ukivikuta nyumbani weka mbali.

Hatua ya 4: shona lastiki, ni dakika chache

Viatu vingi vinakuja lastiki haijashonwa au imeshonwa upande mmoja. Watu wanakata tamaa hapa, wakati ni rahisi.

Kunja kisigino cha kiatu kuelekea ndani, kilale juu ya soli. Pale kinapokunjika pembeni kushoto na kulia, hizo kona mbili, weka alama kwa penseli kwa ndani. Hapo ndo lastiki inakaa. Mvalishe mtoto, peleka lastiki juu ya mguu toka alama hadi alama, ivute kidogo tu, ukiivuta sana inazuia damu na inaacha alama nyekundu. Kata ukiacha sentimita mbili za ziada kila upande. Shona kwa mkono, uzi maradufu, umbo la mraba kisha msalaba katikati, kwa ndani ya kiatu. Jihadhari na ule mfereji wa juu ambao kamba inapita, sindano ikipita humo ukashona na kamba, kiatu hakikazwi tena mpaka ufumue.

Ile kamba ndogo ya mbele nayo sio urembo. Mtoto akiwa amevaa, vuta mpaka mdomo wa kiatu ukumbatie mguu, funga mafundo mawili, kata ibaki vidole viwili, chomeka ndani. Wazazi wanaiacha inaning'inia na upinde, mtoto anaikanyaga. Ila usikate siku ya kwanza, acha avae vipindi viwili kiatu kijinyooshe kwanza.

Hatua ya 5: nguo, mitumba au fundi

Dukani zipo, ila chache na bei imechangamka, na nyingine zinazouzwa kama za baleti ni nguo za sherehe tu. Mitumba mimi naipenda. Karume pale Ilala, Memorial Moshi, Kongowea Mombasa, Gikomba na Toi kwa Nairobi, ukimwambia muuzaji unatafuta nguo za kuogelea na za jimu za watoto anakuonyesha rundo, na humo katikati leotadi nzuri kabisa zipo zimechanganyika na nguo za kuogelea kwa sababu wengi hawazijui.

Ukiipata, usiangalie rangi kwanza. Ishike tundu la mguu kwa mikono miwili, vuta polepole sikioni. Ukisikia inalia kama inakatika katika ndani, au ukiachia inabaki imelegea, mpira wake umekufa, iache hata kama ni mpya kwa macho. Inyanyue kwenye mwanga uivute sehemu ya makalio, ikionyesha vidole vyako upande wa pili mtoto akiinama itaonyesha pia. Kagua kitambaa cha ndani katikati ya miguu, kiwepo na kiwe kizima. Ukifika nyumbani loweka, fua, anika vizuri kabla mtoto hajaigusa.

Kwa fundi sasa. Mpelekee kitambaa kinachovutika pande zote mbili, urefu na upana, sio upande mmoja. Pale dukani chukua kipande cha sentimita 10, kivute, kifike angalau 15 na kikiachiwa kirudi kilivyokuwa. Kwa joto letu chenye pamba nyingi na laikra (uzi wa mpira unaovutika) kidogo kinapumua kuliko kile kinachong'aa. Kipimo ambacho mafundi wengi hawakichukui na ndo cha muhimu kuliko vyote ni mzunguko wa kiwiliwili, futi inaanzia juu ya bega, inashuka mbele, inapita katikati ya miguu, inapanda mgongoni mpaka pale pale begani. Bila hicho nguo itapanda kwenye makalio au itajaa tumboni. Mwambie atumie sindano ya vitambaa vya kuvutika yenye ncha butu, na mshono wa zigizaga kwa uzi wa poliesta. Akishona mshono ulionyooka wa kawaida, mtoto akipanua miguu mara ya kwanza utasikia praa. Na lastiki ya miguuni iwe fupi kidogo kuliko tundu lenyewe, sio fupi sana ikachora paja.

Kujaribu: anyanyue mikono juu, achuchumae, ainame mpaka aguse vidole. Kama anavuta vuta nguo kwenye makalio baada ya hapo, ni fupi, na darasani atafanya hivyo hivyo saa nzima. Leotadi unaweza kuacha nafasi ndogo ya kukua, sentimita moja mbili kwenye mabega, inavumilika.

Hatua ya 6: rangi ya ngozi yake

Hili nalisema kwa uzito. Kwa miaka mingi stokingi za baleti na viatu vilikuwa pinki, na ile pinki ilichaguliwa kwa ngozi ya mzungu, ili mguu uonekane umeungana na mwili mstari mmoja mpaka kidoleni. Mtoto wetu mweusi akivaa pinki mstari unakatika kiunoni. Dance Theatre of Harlem ya New York, kundi lililoanzishwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell na mwenzake, waliliona hilo mapema na tangu miaka ya 70 wachezaji wao wanavaa stokingi na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mmoja. Viwanda vilichelewa sana. Mwaka 2018 ndo Freed of London wakishirikiana na kundi la Ballet Black la Uingereza wakatoa viatu vya kusimamia vidole vya rangi ya kahawia, kabla ya hapo wachezaji weusi wengi walikuwa wanapaka viatu vyao fondesheni kwa mkono, jozi baada ya jozi.

Kwahiyo muulize mwalimu waziwazi kama mtoto anaruhusiwa rangi ya ngozi yake, shule nyingi sasa hivi zinakubali na nyingine zinafurahi umeuliza. Stokingi za kahawia kwa maduka ya stokingi za wanawake zipo ila namba za watoto ni shida, leginsi za kahawia za pamba zinafanya kazi nzuri tu darasani. Viatu vya kitambaa unavipaka mwenyewe, fondesheni ya maji isiyo na mafuta inayofanana na mguu wa mtoto (sio uso, mguu), sponji, paka tabaka jembamba, acha ikauke, paka tena. Usipake soli. Fanya siku mbili kabla ya onyesho ili isitoke ikachafua stokingi. Mtoto akijiona kwenye kioo mguu wote ni wake, uso unabadilika.

Hatua ya 7: nywele

Kanuni ni moja, uso na shingo vionekane na kitu chochote kisiruke. Watoto wetu wengi wamenyolewa kwa ajili ya shule, basi umemaliza, mtu asikwambie mtoto hana nywele za baleti. Mwenye nywele fupi ya afro, bana nyuma kwa bendi pana ya kitambaa inatosha. Aliyesuka, mabutu ya kurudi nyuma yanayokutana kisogoni ndo raha yake, rasta ziwe nyepesi na zisizidi mabega ili zikizungushwa kuwa kibonge, yaani fundo la nywele, kisivute kipaji cha uso. Kibonge kikae kisogoni juu, kifungwe na mpira, kisha vibanio vya umbo la U, kisha neti. Usikaze mpaka macho yanavutika, ngozi ya kipaji ya mtoto inaumia na nywele za mbele hazirudi kirahisi.

Shanga za kwenye nywele siku ya dansi ziondoke, zinapiga jicho lake na la jirani, na zikidondoka sakafuni mtu anateleza. Hereni za kuning'inia, mikufu, bangili, saa, vyote nyumbani.

Hatua ya 8: stara na nguo za ndani

Familia nyingi hazitaki mtoto aonekane mapaja au mikono, na hilo halimzuii kucheza. Leginsi nyeusi isiyoonyesha, juu yake leotadi ya mikono mirefu au bodi ya kubana, na sketi fupi ya kitambaa laini juu ya nyonga. Mwalimu anaona goti na mgongo, na mama hana wasiwasi. Kwa hijabu chagua ile ya kuvaa mara moja isiyo na pini, kitambaa cha fulana, mkia wake uchomekwe ndani ya nguo shingoni. Mtandio wa kuzungusha unafunguka kwenye mizunguko. Nenda uongee na mwalimu kabla ya kipindi cha kwanza, mtoto asiachwe kuyaeleza yeye.

Chupi iwe ya kumkaa, rangi inayofanana na nguo au ngozi, isitokeze pembeni ya leotadi. Kuna walimu wanaosema stokingi zivaliwe bila chupi, kwa mtoto wako wewe ndo unaamua na chupi nyembamba isiyo na mishono minene haimsumbui mtu. Binti akianza kuota matiti mnunulie sidiria ya michezo mapema, kabla hajaanza kukunja mabega kujificha, nimewaona wengi wameacha dansi kwenye umri huo kwa sababu hiyo tu na hawakusema. Mvulana akikaribia kubalehe, baba au mjomba amsaidie kupata chupi ya kushikilia vizuri. Na binti aliyevunja ungo awe na bukta nyeusi ya kubana ya akiba kwenye begi siku zote, aivae juu ya leotadi anapotaka, usisubiri akuombe.

Hatua ya 9: begi na safari

Nguo za darasani zinavaliwa chini, juu dera au trakisuti, miguuni ndala. Viatu vya baleti vinaingia kwenye mfuko wa kitambaa, usitumie wa nailoni, jasho linaozea humo. Mkipanda bodaboda usimwache avae sketi ya shifoni au kanga inayopepea, na hijabu ichomekwe, kitambaa kikiingia kwenye gurudumu ni balaa.

Begini weka chupa ya maji, kitaulo, mpira wa nywele wa akiba, sweta nyepesi kama mko sehemu za baridi maana misuli ikipoa baada ya kuruka inakaza. Andika jina la mtoto ndani ya kila kiatu kwa maka, viatu vyote vinafanana na vinabebwa kimakosa kila wiki. Aende chooni kabla ya kuvaa, leotadi na stokingi na sketi kuvua vyote ni kazi, na watoto wadogo hawasemi mapema.

Hatua ya 10: kufua

Leotadi inafuliwa siku hiyo hiyo, chumvi ya jasho inaua mpira. Maji ya baridi, sabuni laini, kwa mkono. Jiki usiiguse, inakula laikra, nguo inageuka njano na kulegea. Usikamue kwa kusokota, ibonyeze ndani ya taulo. Anika kivulini, jua letu la saa saba linaipausha na kuikausha mpira, na pasi usipitishe kabisa.

Viatu vya kitambaa vifue kwa mswaki wa zamani na sabuni kidogo, jaza karatasi ndani vikauke na umbo lake, ila kama ulivipaka fondesheni ujue itatoka upake upya. Vya ngozi ni kitambaa chenye unyevu tu, visilowekwe.

Ile karatasi uliyopimia mguu usiitupe, andika tarehe uibandike ndani ya kabati. Kila baada ya miezi mitatu msimamishe tena pale pale ukutani juu ya mstari wa zamani. Vidole vikiwa vimepita mstari kwa nusu sentimita, viatu vya sasa vimeshakwisha kazi, hata kama soli bado ni mpya.